Waliomo Kihambani

Wewe ukiulizwa nyumbani kwenu mko wangapi, unajibu papo hapo au unasita kwanza? Wengi hujibu papo hapo. Elizabeth, mke wa Efraimu, naye angejibu papo hapo, watano, bila hata kuinua macho kutoka kwenye ndizi anazomenya. Mama mkwe, mume, mabinti wawili na yeye mwenyewe. Hata hivyo kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, kwa miaka kumi na tisa tangu aolewe pale Masama, mikono yake ilimimina chai vikombe sita.

Ndivyo alivyofundishwa. Wiki ile ya kwanza alipokuwa bibi harusi, bado anaona haya hata kukohoa, mama mkwe wake Bibi Kornelia alisimama nyuma yake jikoni akamwambia kwa upole, "Mwanangu, weka na kimoja cha ziada. Mgeni hapigi hodi kutoka mbali." Akamwonyesha na kikombe chenyewe. Kilikuwa kidogo, cha bati, cheupe, chenye ua jekundu ubavuni na kovu jeusi karibu na mkono, mahali rangi ilipobanduka. Hicho hujazwa sawa na vingine, kikawekwa chini kando ya mafiga, upande wa kulia, mahali ambapo moto haukifikii. Mgeni asipokuja, asubuhi kinaoshwa pamoja na vyombo vingine.

Na asubuhi kilikuwa kikavu siku zote. Elizabeth alijua ni paka. Paka mwenyewe, wa mabaka, alikufa masika ya mwaka juzi, na Aikande, yule binti mdogo, akamzika chini ya mparachichi kwa wimbo na machozi. Kikombe kikaendelea kuwa kikavu, na Elizabeth akaendelea kujua ni paka. Kuna mambo mtu akishayajua hayaulizi tena.

Sasa, mwaka ulikuwa sitini na tisa, mwezi wa sita, majira ya baridi, ukungu unaposhuka kutoka msituni saa nane mchana ukalala juu ya migomba usiondoke mpaka kesho yake. Eunike, binti mkubwa, alikuwa amemaliza kidato cha nne, na barua ilikuwa imekuja kwamba amepata nafasi katika chuo cha wauguzi. Barua hiyo ilisomwa mara tatu mezani, na mara ya nne jikoni. Lakini nyuma yake ilikuwa na orodha: karo ya mwaka, sare mbili, viatu vyeupe, shuka nne, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya kuhesabia mapigo ya moyo wa mgonjwa. Na mwaka ule kahawa iliugua. Buni zilikauka mtini zikawa nyeusi kabla hazijaiva, na Efraimu hakubaki na cha kuuza ila ndama mmoja ambaye alikuwa bado ananyonya.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, mfuko wa masomo wa usharika. Efraimu alileta fomu yake ndani ya Biblia ili isikunjike. Karatasi mbili zilizochapwa kwa stensili, wino wa zambarau, zikinukia spiriti kama chumba cha mganga wa zahanati. Ilitakiwa ifike mkononi mwa katibu Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: FOMU ILIYOFUTWA, KUKATWA AU KUACHWA WAZI HAITAPOKELEWA. Fomu ya pili haikuwepo, zilikwisha. Hii ingekataliwa, nafasi ya Eunike angepewa mtoto wa mtu mwingine, naye angebaki pale pale akichuma buni nyeusi.

Basi Alhamisi alasiri wakaketi mezani, nyumba nzima. Efraimu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alipenda kusoma kwa sauti ya kanisani, alisoma maswali. Eunike aliandika, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri. Bibi Kornelia alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, ungo wa maharage mapajani, akichambua moja moja. Aikande alikatazwa kusogelea wino.

"Jina la mwombaji," Efraimu akasoma.

"Nimeshaandika, baba."

"Kazi ya baba. Andika mkulima, na mzee wa kanisa."

"Nafasi ni ndogo, baba."

"Basi andika herufi ndogo." Akageuza shingo kuhakikisha. "Swali la tano. Baba wa mwombaji ni mtoto wa ngapi kuzaliwa? Andika wa kwanza. Andika kifungua mimba."

Kwenye kigoda, vidole vya Bibi Kornelia vilisimama juu ya maharage, kisha vikaendelea.

"Swali la nane. Je, mwombaji ana tabia njema?"

"Andika hapana," akasema Aikande. "Juzi kala parachichi langu."

Eunike akamkata jicho, wakacheka, na Elizabeth akaingia na sinia la chai. Alikuwa na furaha siku hiyo, ile furaha ya kuona karatasi inajaa. Akaweka sinia katikati ya meza.

"La tisa," akasoma Efraimu. "Taja idadi ya watu wote waliomo katika kihamba chenu."

"Soma tena," akasema Bibi Kornelia.

"Watu wote waliomo katika kihamba chenu, mama."

"Waliomo? Wote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Aliyeandika ni mtu wa mjini, anataka kujua tunakula wangapi."

"Huyo wa mjini anajua anachouliza?"

Efraimu akacheka kidogo. Kihamba, kama unavyojua, si nyumba tu. Ni nyumba, na kahawa, na migomba, na zizi, na mfereji unaopita, na wale waliolala chini ya migomba tangu enzi na enzi, kila mmoja na mmea wake wa masale uliopandwa kichwani kumwonyesha. Lakini ni nani hukumbuka hayo wakati anajaza fomu?

Eunike alinyoosha kidole. "Mmoja, wawili..."

"Shusha kidole," akasema Bibi. Hakupaza sauti. "Watu hawahesabiwi kama mikungu ya ndizi. Watu hutajwa."

"Bibi, hapa wanataka namba."

"Kama ni namba, hesabu vitu."

Eunike akatii, maana bibi hakuwa mtu wa kubishiwa. Akatazama vikombe vilivyokuwa vikifuka mvuke juu ya sinia, midomo ikimchezacheza, akachovya kalamu, akaandika 6. Aliiandika vizuri, nene, yenye tumbo la mviringo.

Efraimu akainama. "Sita?"

"Vikombe sita, baba."

Wote walitazama sinia, na pale katikati ya vikombe vikubwa kilikuwepo kile kidogo chenye ua jekundu. Siku zote Elizabeth alikiweka chini, kando ya mafiga. Hakukumbuka kukiweka kwenye sinia. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo aliliona yeye peke yake kwa sababu ndiye aliyemimina. Vikombe vitano vilikuwa vimejaa hadi ukingoni. Kile kidogo kilikuwa nusu, na juu ya chai ubavu wa ndani ulikuwa bado umelowa, kama kikombe ambacho mtu amepiga mafundo mawili akakirudisha.

"Ni kosa langu," akasema. "Nimemimina kimoja zaidi."

"Si neno," Efraimu akasema, lakini kalamu aliichukua mkononi mwa binti yake kana kwamba inauma. Akafungua karatasi ya pili. Palikuwa na mahali pa balozi wa nyumba kumi, naye alitakiwa afike mwenyewe, aone watu kwa macho yake, aandike idadi bila kuonyeshwa jibu la wenye nyumba. "Kesho Mzee Eliufoo ataandika watano, atagonga muhuri. Mimi nitamweleza katibu kwamba mtoto alikosea, na balozi ni shahidi. Katibu ni mtu mwelewa."

Usiku huo Elizabeth hakuweka kikombe kando ya mafiga. Alikiosha akakifunika juu ya kabati. Asubuhi alikikuta sakafuni upande wa kulia wa mafiga, kimesimama wima, kikavu. Akaosha vyombo vingine kwanza, hicho akakiosha mwisho, na hakumwambia mtu.

Ijumaa ukungu ulishuka mapema. Ilipofika saa nane hata zizi halikuonekana kutoka mlangoni, unasikia tu ng'ombe akitafuna. Elizabeth alikuwa jikoni na Aikande, wanavunja kuni, waliposikia kikohozi cha Mzee Eliufoo huko langoni, kile kikohozi chake cha ugoro, kisha sauti yake ikiitikia salamu kwa Kichagga, polepole, kama anayezungumza na mtu mfupi. Halafu akasema, "Haya, shika. Usiiangushe."

"Dada yako kaenda kumpokea," Elizabeth akamwambia Aikande.

"Dada yuko ndani, mama. Anapiga pasi gauni."

Elizabeth akafuta mikono akatoka.

Mzee Eliufoo aliingia amekunja bega kwa baridi, koti lake la jeshi likidondosha matone. Fimbo yake, ile yenye kichwa cha shaba aliyopewa na mzungu mmoja wa shamba alipostaafu, hakuwa nayo. Elizabeth aliliona hilo, akadhani ameiegemeza nje.

"Shikamoo, meku," Elizabeth akamwamkia, kwa lile neno la Kichagga la kumheshimu mzee.

"Marahaba, mama. Habari za hapa?" Akamwamkia Bibi Kornelia kwa heshima, kwa kuwa bibi alimzidi umri, akaitikia shikamoo ya Eunike na ya Aikande, akaitikia ya Efraimu, akaketi. "Mzee wa kanisa, leo una mbege au una Biblia tu?"

"Nina chai, mzee wangu."

"Basi una Biblia tu."

Alikunywa chai yake yote kwanza, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba bila yeye karatasi haiendi. Efraimu akamkunjia fomu ili jibu la jana lisionekane. Mzee akatoa muhuri kutoka kwenye kopo la ugoro, akaupulizia, akaupangusa kwa shati. Akaandika kwa kubana meno, akagonga muhuri, akasukuma karatasi mezani.

Efraimu akaivuta, akasoma.

"Mzee, umeandika sita."

"Ndiyo."

"Tuko watano."

"Efraimu, macho yangu yana ukungu, lakini masikio ni mazima. Mama huyu nimemwamkia mimi. Huyo mmoja. Nimeitikia salamu tano. Moja na tano ni ngapi shuleni kwenu?"

"Tano za nani? Mimi, mama Eunike, Eunike, Aikande."

"Na yule mdogo wa langoni. Aliyenipokea fimbo."

Efraimu akawatazama mabinti zake, mmoja mmoja.

"Hatuna mdogo mwingine," akasema Elizabeth.

"Basi ni wa jirani, lakini kalelewa humu." Mzee Eliufoo alikuwa bado anatabasamu. "Mtoto mwenye adabu. Kaniamkia Kichagga cha zamani, kile alichosema bibi yangu, sijakisikia miaka mingi. Nikasema moyoni, huyu kafundishwa na Kornelia." Akageuka kumtazama bibi, na tabasamu likamwisha.

Ungo ulikuwa umeanguka. Maharage yalitawanyika sakafuni hadi chini ya meza, na Bibi Kornelia hakuinama kuyaokota. Alikuwa akitazama mlango.

"Fimbo yangu iko wapi?" akauliza mzee, kwa sauti ya chini sasa.

Waliitafuta barazani, langoni, kwenye kibanda cha majani. Elizabeth ndiye aliyezunguka nyuma ya zizi. Ukungu ulikuwa mzito, majani ya migomba yakidondosha maji tip, tip, kila jani kwa wakati wake. Alipita kwenye masale ya baba mkwe, yamestawi, akapita ya babu wa mume wake. Mbele yao, karibu na mfereji, palikuwa na shina moja la migomba ya kizamani ambayo Efraimu kila mwaka alitaka kuing'oa apande kahawa, na kila mwaka mama yake akasema mwakani.

Fimbo ilikuwa pale. Haikuegemezwa. Ilichomekwa ardhini, wima, jinsi mtoto anavyochomeka kijiti mahali anapotaka pakumbukwe. Elizabeth alinyoosha mkono kuishika. Kila kitu kilikuwa cha baridi siku ile, majani, udongo, vidole vyake mwenyewe. Kichwa cha shaba kilikuwa na joto, lile joto la kitu kilichotoka kushikwa.

Hakukimbia. Na nyuma yake sauti ikasema, "Iache kidogo."

Bibi Kornelia alikuwa amesimama kwenye ukungu, bila kanga ya mabegani, bila viatu.

"Ni wa kwangu," akasema. "Wa kwanza. Kabla ya Efraimu."

Elizabeth akautoa mkono baridi wa bibi kifuani, akaushika, na bibi akaeleza, pale pale, kidogo kidogo, kama alivyochambua maharage. Ulikuwa mwaka nzige walipoingia. Mtoto alikuwa na miaka minne, hodari wa kupokea wageni. Mtu akifika langoni tu, amekwisha kumpokea fimbo au kikapu. Bibi na mumewe walikuwa darasa la ubatizo, wabatizwe Krismasi, wote watatu. Surua ikaja mwezi wa kumi na moja.

"Mume wangu aliogopa," bibi akasema. "Alisema mtoto hajabatizwa, haimbiwi. Na mila tumeahidi kuziacha, na masale siku zile yalikuwa mila, hapandiwi. Akanituma maji mtoni, si hapa mferejini. Niliporudi na mtungi, udongo ulikuwa umekwisha kusawazishwa. Akaniambia jina hili lisitamkwe tena, tunaanza upya. Alipozaliwa Efraimu, katika kitabu cha kanisa kaandikwa kifungua mimba."

"Na kikombe, mama?"

"Nilikatazwa kutamka. Sikukatazwa kupika."

Matone yakadondoka. Bibi akatazama lile shina la migomba bila woga wowote, na kwa Elizabeth hilo ndilo lililotisha zaidi.

"Hawa wengine waliomo humu walisindikizwa, wameketi," bibi akasema. "Huyu hakuambiwa aende wapi. Anapokea wageni tu, kama nilivyomfundisha."

Elizabeth akaing'oa fimbo taratibu, akasema "ahsante" bila kujua anamwambia nani, akairudisha kwa mwenyewe. Mzee Eliufoo aliipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza ilipopatikana. Aliaga, na akiwa mlangoni Efraimu akamwomba tena, mzee, tafadhali, andika pembeni kwamba ulikosea.

"Mimi nimeandika nilichokikuta," akasema. "Sifuti." Akaondoka, na walisikia kikohozi chake kikipita langoni haraka kuliko kilivyokuja.

Hivyo Jumamosi asubuhi ikawakuta na fomu yenye sita mahali pawili, moja ya kwao na moja ya serikali yenye muhuri. Na chini yake palikuwa na orodha ya kujaza: jina, uhusiano, umri, kazi. Eunike alikuwa amejaza mistari mitano. Wa sita ulikuwa mweupe. Ukiachwa wazi, fomu haipokelewi. Sita ikikatwa, fomu haipokelewi. Ilikuwa saa mbili na nusu, na kutoka pale mpaka ofisi ya usharika ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwa mtu asiyesimama njiani.

Efraimu alikuwa ameelezwa yote na mke wake jana jioni. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba kitanda alicholalia miaka arobaini ni cha mwingine.

"Mimi mzee wa kanisa," akasema mwishowe, "niandike mtu ambaye hayupo?"

Eunike alikuwa ameinamisha kichwa. Chozi lilikuwa karibu, akaisogeza karatasi mbali lisije likaidondokea.

Elizabeth hakuwa na desturi ya kumjibu mumewe mbele ya watoto. Aliweka sinia mezani. Vikombe sita, safari hii aliviweka kwa makusudi.

"Baba Eunike," akasema, "soma tena swali la tisa."

"Nalijua."

"Lisome."

Akasoma, na sauti ya kanisani haikuwepo. "Taja idadi ya watu wote waliomo katika kihamba chenu."

"Haikuuliza walio hai. Haikuuliza wanaolala ndani. Imeuliza waliomo. Yumo, au hayumo?"

Efraimu akageuza uso dirishani. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na nyuma ya zizi yale majani ya migomba ya kizamani yalikuwa yakicheza, ingawa ya jirani yake yalitulia. Akayatazama muda mrefu, kisha akamtazama mama yake kwenye kigoda, mzee, mdogo, mikono imekaa mapajani bila kazi.

"Yumo," akasema.

Ujue mapema, roho yako itulie, kwamba fomu ile ilifika. Ilifika saa sita kasoro dakika kumi, na Efraimu jasho linamtiririka ndani ya koti. Katibu wa usharika alisoma mstari kwa mstari, akafika wa sita, akavua miwani.

"Hapa mmekosea. Umeandika huyu ni mkubwa wako wa kuzaliwa, na umri umeandika miaka minne."

"Hatukukosea."

"Mkubwa wako ana miaka minne?"

"Ana miaka minne."

Katibu naye alikuwa mzaliwa wa mlimani, mwenye kihamba chake na migomba yake. Aliitazama ile fomu, akamtazama Efraimu, akatazama dirisha. Kisha akasoma tena swali la tisa, midomo ikienda polepole, akavaa miwani akagonga muhuri bila kuuliza zaidi. Inasemekana mwaka ule fomu kadhaa zilikuja na hesabu isiyoeleweka, na mwaka uliofuata swali hilo liliandikwa upya: watu walio hai na wanaokaa nyumbani. Eunike alikwenda chuoni mwezi wa nane na viatu vyake vyeupe na saa yenye mshale wa sekunde. Na asubuhi ya Jumapili ile, siku moja tu baada ya fomu kupelekwa, Elizabeth alikikuta kikombe chenye ua jekundu kando ya mafiga kimejaa hadi ukingoni, chai imeshika utando, haijaguswa. Alisimama hapo muda, asijue ashukuru au alie.

Lakini hayo ni ya baadaye. Turudi mezani, saa mbili na nusu, maana kabla Efraimu hajaondoka mstari wa sita ulikuwa bado mweupe.

Eunike akajipangusa macho kwa kiganja. Akachovya kalamu wino, akaipangusa ncha kwenye ukingo wa kichupa ili isidondoshe, akaiweka juu ya karatasi bila kuigusa. Huko nje ng'ombe aliacha kutafuna. Hata mfereji, ambao haunyamazi mchana wala usiku, Elizabeth alihisi hausikiki. Juu ya sinia vikombe vitano vilifuka mvuke. Cha sita hakikufuka.

"Bibi," Eunike akauliza, "anaitwa nani?"

Bibi Kornelia alifungua mdomo ukafunguka bure. Aikande, ambaye alikuwa amekatazwa kusogelea wino, alisogea akashika pindo la gauni la bibi, na hakuna aliyemkaripia.

"Ndelilio," bibi akasema.

Kalamu ikaanza kukwaruza karatasi, herufi moja baada ya nyingine. Bibi aliisikiliza hadi ikanyamaza.

"Mama," akasema Efraimu, "kwa nini hukutuambia? Ulitaka tukufanyie nini? Tungeimba. Hata masale tungepanda."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, macho bado kwenye ile karatasi asiyoweza kuiona vizuri kutoka pale alipokaa.

"Sikutaka wimbo, mwanangu. Miaka yote hii nilitaka kuulizwa tu. Nilitaka mtu aniulize mtoto wangu anaitwa nani."